Kusomesha kwa programu za wizi: Dharura imebaki wapi?



Ndugu msomaji, katika mitaa yetu, kuanzia Mpendae hadi Mwanakwerekwe, si ajabu siku hizi kuikuta madrasa yenye chumba cha kompyuta. Mashine zenyewe ni za mtumba, au ni sadaka ya ndugu aliyeko Muscat au London. Asubuhi watoto wanahifadhi Juzuu Amma, jioni wanafundishwa kuchapa barua na kutengeneza majedwali. Hili ni jambo la kushukuriwa. Lakini ukiuliza programu zilizomo ndani ya mashine hizo zimetoka wapi, jibu mara nyingi ni kicheko. Alikuja kijana na flashi, akaziweka zote kwa siku moja, akapewa nauli na soda.

Sasa tujiulize. Katika chumba cha kwanza mwalimu anasomesha hukumu ya wizi. Katika chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao, watoto walewale wanasoma kwa kitu ambacho mwenyewe hakuridhia kichukuliwe. Watoto si wajinga. Wanajua.

Wapo wanaojitetea kuwa elimu ni ya Allah (s.w.t.), haina mwenyewe, na kwamba Mtume (s.a.w.) amemuonya vikali anayeficha elimu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Wanazuoni wetu walinakili vitabu kwa mkono karne na karne bila ya kumlipa mtunzi. Lakini anayeficha elimu ni yule aliyeulizwa jambo la dini akanyamaza. Fundi aliyekaa miaka akiandika programu na kuiuza kwa sharti hakuficha elimu, ameuza kazi yake. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, iliyo chini ya OIC, ilipokutana Kuwait Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Hapa kwetu nako kuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Ama hoja ya kuwa wenye programu ni matajiri wa Marekani, hiyo sitaijibu. Anayeisema anajua kuwa mali ya tajiri haigeuki halali kwa utajiri wake.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya dharura. Madrasa ni masikini, ada ni kidogo, na kununua programu kwa kompyuta kumi ni zaidi ya mishahara ya walimu wote. Hili ni kweli. Na kanuni ya fiqhi inajulikana, kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini dharura hiyohiyo hupimwa kwa kiasi chake. Aliyepotea jangwani ataruhusiwa kula mzoga. Aliyesimama Darajani mbele ya meza ya samaki hataruhusiwa, hata kama samaki huyo hajamzoea.

Na samaki yupo, tena wa bure. Mwaka 1983 Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza kazi ya kuandika mfumo wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma ndani yake, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, akatoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Leo ipo LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu, ipo Moodle ya kusomeshea, na ipo Kolibri, inayohifadhi masomo ndani ya mashine moja ili darasa zima lisome bila intaneti. Kwa kisiwa cha Unguja kilichokaa gizani kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, umeme ulipokatika, kitu kisichotegemea mtandao si anasa.

Hawa si Waislamu, wala hawakuusoma mlango wa wakfu katika Minhaj. Lakini tazama sharti la leseni yao kubwa: ukiibadilisha programu na ukaigawa, basi uliyempa naye awe na haki zilezile ulizopewa wewe. Si wakfu kwa maana ya fiqhi, maana hata kuuza nakala inaruhusiwa. Hata hivyo mtu aliyeona hati za zamani za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilizoandikwa kuwa ni wakfu kwa wanaotafuta elimu, ataielewa nia hii haraka kuliko wengi.

Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mwanangu akienda ofisini atakuta programu nyingine, si atachekwa? Nadhani hofu hii imekuzwa. Aliyefahamu jedwali linavyofanya kazi atalifahamu popote. Aliyekariri kitufe kiko kona gani atapotea hata toleo jipya la programu ileile likitoka. Na ikiwa kampuni yenyewe inaipa skuli ruhusa ya kutumia bure, basi itumike kwa ruhusa hiyo. Tatizo ni wizi, si jina la kampuni.

Nimeulizwa pia na walimu wenzangu: je, elimu iliyokwisha kupatikana kwa programu za wizi ni haramu? Mafaqihi walijadili jambo linalofanana nalo, nalo ni sala katika ardhi ya kughusubu. Katika madhehebu yetu ya Shafi sala inasihi na dhambi ya kughusubu inabaki. Kauli mashuhuri ya Hanbali ni kuwa haisihi. Kwa kipimo cha Shafi, kijana aliyejifunza hesabu za ofisi hatonyang'anywa alichokijua. Mwalimu aliyeendelea baada ya kujua ndiye mwenye kesi.

Kuna deni jingine ambalo hatulizungumzi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nao wakatangaza kuwa wataleta Kiswahili katika programu zao. Sisi ambao lahaja yetu ya Kiunguja ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tulikuwa watazamaji. Tafsiri za namna hii hazimaliziki, kwani kila toleo huja na maneno mapya, na yanafasiriwa na watu wa kujitolea, neno kwa neno, kwa mashine yoyote iliyopo. Mpendae hapa wapo vijana wanaokaa barazani kutoka Magharibi hadi Isha, na wengine wao wanakijua Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja.