Kitu ulichokitupa bado ni chako

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa Ujiji hatukufundishwa darasani namna ya kutumia tena vitu. Tuliyakuta nyumbani. Kopo la maziwa likiisha lilikuwa koroboi au kipimo cha mchele. Tairi bovu lilikuwa makubazi. Pipa la bati lilikatwa likawa jiko la mkaa. Kanga iliyochakaa ilikuwa nepi, kisha tambara la kupigia deki. Chupa ya soda ilirudi dukani, maana bila chupa tupu huuziwi nyingine. Hakuna aliyejisifu kuwa anatunza mazingira. Tuliogopa israfu, na pia hatukuwa na uwezo wa kununua kipya.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ukiwa na moyo huo umemaliza: usitupe, mpe mwenzako, na hiyo ni sadaka. Mpaka siku nilipotoa dumu.

Lilikuwa dumu la lita 20, zuri, halina ufa. Lilitoka shambani likiwa limebeba dawa ya kuulia wadudu. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, nikalinusa, nikaridhika. Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima anayeuza mawese sokoni, akaliona uani. Nikampa bure. Akaniombea dua, nami nikaitikia amina. Lilikuwa na nini, sikumwambia.

Baada ya siku mbili akaja na lile dumu kichwani. "Mwanangu, hili dumu lilikuwa na nini? Mteja kasema mafuta yananuka dawa." Nikamwambia ukweli nikiwa nimeinama. Akakaa kimya, kisha akasema: "Nimeshauza chupa tatu." Tulizunguka sokoni kuwatafuta walionunua. Tulimpata mmoja. Wawili hatukuwapata hadi leo. Mafuta nilimlipa, lakini zile chupa mbili hakuna ninayeweza kumlipa.

Hebu tujiulize: kosa langu lilikuwa nini? Sikuiba. Sikumdhulumu kwa makusudi. Nilitoa kitu changu kwa nia njema. Kwa hakika kosa lilikuwa kudhani kwamba kitu kikishatoka mkononi mwangu, hesabu yake imehama pamoja nacho. Mtume (S.A.W) aliingiza mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna unyevu, na akamkemea vikali muuzaji aliyeuficha. Yule alikuwa anauza. Mimi niligawa bure, lakini aliyepokea alidhurika vile vile, kwa sababu nilijua na nikanyamaza.

Ipo hadithi nyingine, iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, inayotupa kanuni ya jambo hili. Kondoo aliyetolewa sadaka alikufa, na Mtume (S.A.W) akawauliza wenyewe kwa nini hawakuitoa ngozi, wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Tazama hekima iliyomo. Hakusema kila kitu kitupwe, wala hakusema kila kitu kitumike. Alipambanua: hiki kina manufaa kikishafanyiwa kazi, hiki kina madhara. Kupambanua huko hakuwezekani bila elimu.

Basi na sisi tujue vya nyumbani kwetu. Chuma chakavu, bati, chupa za maji na madumu yaliyobeba mafuta ya kula vina wanunuzi, au vinatumika tena bila hofu. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula ni ya mbuzi au ya shimo la mbolea. Lakini chombo kilichobeba dawa ya wadudu hakioshwi kikawa cha chakula au maji. Plastiki huinywa dawa, na sabuni haiifikii. Hicho kitobolewe ili asije mtu akakiokota. Betri ya gari ina tindikali na risasi. Kuiyeyusha uani ni kuwavutisha watoto sumu inayodhuru ubongo. Na mifuko ya plastiki haichomwi jikoni kuwashia mkaa, kwa maana moshi wake ni sumu.

Wapo watakaosema: masikini hana nafasi ya kuchagua dumu. Ni kweli, na ndiyo maana mzigo wa kusema uko kwa anayetoa. Wengine watasema taka ni kazi ya halmashauri na ya wenye viwanda. Nayo ni kweli. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, sote tuliona tofauti. Lakini nailinganisha na faradhi zetu. Gari la taka ni mfano wa faradhi kifaya, wachache wakilisimamia inatutosha. Kujua kinachotoka mkononi mwako ni mfano wa faradhi aini, hakuna wa kukubebea.

Siku ile nilitaka kuyamwaga yale mafuta mtaroni. Yule mama akanizuia: "Mtaro huu unakwenda wapi, mwanangu?" Unakwenda ziwani. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Kinachoingia humo kinatukalia sisi, na ndugu zetu wa Burundi, Kongo na Zambia, na wajukuu wa wajukuu wetu. Tunakula dagaa na mgebuka wa humo humo. Mtume (S.A.W) alionya vikali juu ya anayechafua mahali watu wanapochota maji. Tulichimba shimo mbali na kisima, tukayafukia, na dumu nikalitoboa.

Tunasema "nimetupa" kana kwamba kuna mahali panaitwa Kutupwa, ambako hakuishi mtu. Hapa kwetu mahali hapo hapapo. Kila unachokitupa kinaangukia kwa mtu fulani, hata kama hutamjua kamwe. Mimi ninao wawili nisiowajua, na kila nipitapo sokoni huwaombea afya.

Kabla hujatoa, sema kilikuwa na nini. Kabla hujatupa, uliza kinakwenda wapi.

Wabillahi tawfiq.