Maji ya Kutawadha na Maji ya Kunywa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mngu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Jueni, enyi Waislamu, ya kuwa maradhi ya kipindupindu yaliingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, na mwaka uliofuata yakapanda bara pamoja na misafara, yakapita Ugogo hata Unyanyembe, ndiko kwenye mji wa Tabora, na mbele yake Ujiji. Yalikwenda kwa mwendo wa wapagazi, yakalala walipolala.

Sababu yake i wazi. Ugogo wakati wa kiangazi maji yalikuwa haba, na mamia ya watu walikuwa wakitua penye kidimbwi kimoja. Walikunywa humo, wakaoga humo, wakaenda haja kando yake. Kulipokucha wakashika njia, na jioni msafara mwingine ukafika na kiu. Naye Mtume (s.a.w.) alikwisha kukataza kuenda haja mahali pa kutekea maji, na njiani, na kivulini, akapahesabu kuwa ni mahali pa kuleta laana. Mwenye kuifikiri kambi ya msafara ataona haina kitu ila vitatu hivyo: maji, njia, na mti wa kivuli. Na wengi wa wenye misafara hiyo walikuwa Waislamu, wakisali nyakati zao.

Yuko aliyesoma kidogo asemaye: "Maji haya yamezidi kullatein, wala hayakugeuka rangi wala tamu wala harufu, basi ni twahara." Amesema kweli katika mlango wa udhu, kwani ndiyo madhehebu ya Imamu Shafii, na kullatein ni kadiri ya lita 200. Lakini twahara ni hukumu moja, na madhara ni hukumu nyingine. Udongo nao ni twahara, na mafakihi wamekataza kuula ikiwa wadhuru. Vidudu vya kipindupindu, ambavyo Robert Koch alivieleza mwaka 1884, havigeuzi rangi ya maji wala tamu yake. Basi maji ya kunywa na yachemshwe. Na kusukutua, kwa kuwa kwaingiza maji kinywani, kuwe kwa maji yaliyochemshwa vile vile.

Tena wako wasemao kuwa mwenye kufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini ujira huo ni wa aliyefikwa na msiba. Aliyewapelekea wenziwe kwa uzembe ana hesabu yake mbali. Na shahidi huyo huoshwa na kusaliwa: basi maji aliyooshewa yamwagwe shimoni, mbali na kisima, na waoshaji wasitie mkono katika sinia ya hitima kabla ya kunawa kwa sabuni.

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya zama za wapagazi. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, na hata mwisho wa 2016 walikuwa wameugua watu zaidi ya 20,000. Wengi waliomo vidudu hivyo hawajioni wagonjwa, wakapanda gari wakenda zao.

Aliyeshikwa na kuhara kama maji ya mchele asingojewe hata asubuhi, kwani mtu aweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa na maji mwilini. Anyweshwe maji safi yenye chumvi kidogo na sukari, huku akipelekwa hospitali. Na ikiwa ni Ramadhani, na afungue, atalipa akipona.

Wallahu aalam.