Kabla ya Kumwita Paka Mtukutu



Familia nyingi katika ushirika wetu hapa Marekani sasa zina paka ndani ya nyumba. Mara nyingi watoto ndio walioomba, na wazazi wakakubali. Baada ya miezi michache malalamiko huanza: paka anakojoa kwenye zulia, anakwarua kochi, analia usiku kucha. Ndipo tunaposikia, "Huyu ana tabia mbaya, tumtoe nje akajitafutie." Juma hili tujiulize: je, mnyama anaweza kuwa na kosa? Na kama hana, wajibu ni wa nani?

Kule tulikotoka, paka alikuwa na kazi yake. Alikamata panya, alinoa kucha kwenye miti, alijisaidia mchangani na kufukia. Tulimtupia vichwa vya dagaa, na mengine alijitafutia mwenyewe. Huku tumemfungia ndani ya fleti ya vyumba viwili. Hana mti, hana mchanga, hana panya. Yote aliyojipatia zamani, sasa atayapata kwetu au atayakosa kabisa. Sisi tuliofunga mlango ndio tuliobeba mzigo huo.

Tumkumbuke Balaamu katika Hesabu 22. Punda wake aliacha njia, akambana mguu ukutani, kisha akalala chini. Balaamu alimpiga mara tatu akidhani ni ukaidi. Kumbe punda alikuwa amemwona malaika mwenye upanga, na kule kukataa kwake ndiko kulikookoa maisha ya bwana wake. Balaamu alihukumu kabla ya kuuliza.

Basi sisi tuulize. Paka anayeacha choo chake ana sababu. Huenda beseni la mchanga ni chafu, au limewekwa karibu na chakula chake, au paka wawili wanagombania moja. Madaktari wa wanyama hushauri mabeseni yazidi idadi ya paka kwa moja, na uchafu uondolewe kila siku. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Dume ambaye hajahasiwa hurusha mkojo ukutani kuweka mipaka yake. Akihasiwa, mara nyingi hali hiyo hupungua. Anayekwarua kochi anatoa ganda kuukuu la kucha na kunyoosha mwili. Apewe gogo lililozungushiwa kamba ya mkonge. Wako wanaowang'oa paka kucha, lakini upasuaji huo hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Jimbo la New York liliupiga marufuku mwaka 2019.

Wakati mwingine jibu ni ugonjwa. Paka ni mficha maradhi, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Dume anayeingia chooni mara kwa mara, akajikamua bila kutoa mkojo, huenda njia yake imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache, hata mbili. Apelekwe hospitali ya wanyama saa hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili usiku. Paka aliyekataa chakula siku nzima naye asipuuzwe. Tusimpe dawa zetu: kidonge kimoja cha paracetamol, ambayo hapa huitwa acetaminophen, kinaweza kumuua. Na yale maua meupe ya lili tunayopeleka nyumbani baada ya Pasaka huharibu figo za paka, hata akilamba chavua yake tu. Nyumba yenye paka isiyapokee.

Wengine wenu mtauliza kwa haki: tutumie dola kwa paka, na huko nyumbani kuna mtoto anayesubiri ada? Swali hili si dogo. Binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, paka hakuumbwa hivyo, na hakuna anayetakiwa kumnyima mzazi wake dawa kwa ajili ya mnyama. Lakini Mithali 12:10 inahesabu kujali uhai wa mnyama kuwa alama ya mwenye haki, wala haitaji utajiri. Mengi tuliyoyataja yanahitaji macho na mkono, si fedha: kusafisha beseni, kubadilisha maji, kutazama kama amekula. Kwa yanayohitaji fedha, tumweleze daktari mapema uwezo wetu ni kiasi gani, tuulize kliniki za gharama nafuu. Tukishindwa kabisa, tumpeleke kwenye makao ya wanyama au kwa familia itakayomtunza. Kumwacha kwenye theluji nyuma ya jengo si kumpa uhuru, na katika majimbo mengi ni kosa la jinai. Na anayejua tangu mwanzo kwamba hataweza, awaambie watoto "hapana" kwa upendo. Hiyo nayo ni haki.

Watoto wetu wanatutazama. Tukimpiga asiyeweza kujieleza, watajifunza kwamba mnyonge hana haki ya kuulizwa. Wengi wetu tulifika nchi hii bila lugha, tukahukumiwa kabla hatujaeleweka. Sisi tunajua thamani ya mtu anayesimama kwanza na kuuliza, "Una shida gani?"

Mungu atupe macho ya kuona.