Degedege si Ndege wala Shetani

 

Ndugu zangu Waislamu, wengi wetu watu wa mwambao tunadhani malaria ni ugonjwa wa nchi za joto tu, na kwamba aliyehamia Kericho au Bomet, kwenye chai na baridi, amekwisha salimika nao. Dhana hii si kweli. Mashamba ya chai ya huko yako zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini katika miaka ya 1990 malaria ilizuka humo mara kwa mara, ikawalaza watoto na watu wazima pamoja. Sababu ni kuwa mwili usiozoea malaria hauna kinga nayo. Na mtoto wetu aliyelelewa huko, akija kwa bibi yake pwani, anakuja bila ya ngao.

Nani hajamwona mtoto wa namna hiyo? Homa inampanda, macho yanageuka, viungo vinakakamaa, fahamu zinapotea. Papo hapo husikika: "Ni dege huyo, amepita juu ya nyumba!" Basi mtoto hufukizwa, hufungwa hirizi, na mama huonywa asikubali mwanawe kupigwa sindano, asije akafa. Na saa zinapita.

Mwenyezi Mungu ametutaka tuzingatie ishara zake zilizomo ndani ya nafsi zetu. Basi na tuzingatie. Ubongo umefunikwa kwa tando tatu. Matabibu wetu wa kale, kama Ali bin al-Abbas al-Majusi wa karne ya 10, waliuita wa nje na wa ndani "mama". Na kitabu chake kilipotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1127, jina hilo likahamia Ulaya, na matabibu wanalitumia hata leo. Utando wa nje ni mgumu. Wa kati ni kama nyumba ya buibui. Wa ndani ni mwembamba, umeshikamana na ubongo wenyewe. Baina ya huo wa kati na wa ndani mna maji safi. Bakteria wakiingia humo, ndiyo homa ya uti wa mgongo.

Chini ya tando hizo, hadubini huonyesha chembe za neva. Jumla yake katika ubongo ni kiasi cha bilioni 86. Katikati yao imepita mishipa ya damu myembamba hata chembe nyekundu hupita moja moja. Kuta za mishipa hiyo zimeshikana barabara, na chembe zenye umbo la nyota zimezizunguka. Kimelea cha malaria hakivunji ukuta huo. Hujificha ndani ya chembe nyekundu na kuifanya inate ukutani. Zikinata nyingi, njia huziba, na ubongo huweza kuvimba.

Basi iko degedege ya homa tu, ambayo hupita. Iko ya malaria iliyofika ubongoni. Na iko ya tando. Kwa macho yetu zote ni moja. Anayezipambanua ni mwenye kupima damu, na pengine maji ya mgongoni. Wako wanaoyakataa maji hayo yasitolewe, wakidhani yatamlemaza mtoto. Lakini sindano huingizwa chini ya pale uti wa neva unapokoma, na maji machache yanayotolewa, mwili huyarejesha.

Hatumkatazi mtu dua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumuombea mgonjwa, na yeye huyo huyo ametuamrisha kujitibu. Ewe mzazi, mlaze mwanao ubavu, usimtie kitu kinywani, mchukue hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Msomee huku mko njiani. Kwani hirizi haimwondoi mdudu katika damu, na saa iliyopotea kwa mganga hairudi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.