Sadaka na Sauti

Tuseme kuna chama cha hisani kinachofanya kazi Kimuka, karibu na milima ya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado. Kiangazi kikizidi, ng'ombe hukonda, na akina mama huswaga punda mwendo mrefu kutafuta maji. Chama hicho huleta maji kwa gari, na kila mtu hukishukuru. Hata wakubwa hukisifu. Siku moja chama kinauliza fedha za kisima zilizotajwa katika bajeti zimekwenda wapi, kisha kinawasaidia wenyeji kuandika ombi kwa serikali. Papo hapo sifa zageuka shutuma: "Ninyi mlikuja kutoa sadaka. Siasa inawahusu nini?"

Swali hilo lisidharauliwe. Chama cha hisani hakikupigiwa kura na mtu, na pengine fedha zake hutoka ng'ambo. Kikimpigia debe mgombea, mchango wa mtu aliyedhani anamnunulia yatima blanketi utakuwa umenunua kura. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ya mwaka 2013, huyakataza mashirika hayo kuunga mkono au kupinga chama cha siasa au mgombea. Mimi sioni dhuluma katika katazo hilo.

Lakini kumsemea mtu anayetaka cheo ni jambo moja, na kulisemea jambo linalowadhuru watu ni jambo jingine. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ili wanawake wapande miti. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, alilipinga waziwazi. Alikashifiwa Bungeni, na shirika lake likatolewa katika ofisi lililokuwa likitumia. Jumba halikujengwa, na bustani ingalipo. Wako waliomwambia kwamba kazi yake ilikuwa miche tu. Je, mwenye kupanda mti akikatazwa kuutetea, hapandi kuni za wengine?

Tena sheria haihitaji kukataza waziwazi ili inyamazishe. Mwishoni mwa mwaka 2013 uliletwa Bungeni mswada ambao ungaliyazuia mashirika ya Kenya kupokea zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao kutoka nje. Wabunge waliukataa. Sheria yenyewe ya 2013 ilikaa kabatini. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2016 ianze kutumika, lakini haikuanza mpaka Mei 2024. Miaka 11 ni mingi kwa mtu asiyejua atahukumiwa kwa sheria ipi. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2014 ya kupima matumizi ya wasio wa vyama wakati wa uchaguzi. Mashirika mengi ya hisani huko yalilalamika kwamba yalijizuia kusema hata mambo ambayo sheria haikuyakataza, maana mpaka haukuonekana vizuri. Woga wa namna hiyo hauandikwi katika kitabu chochote cha sheria, nao ndio ninaouchukia zaidi.

Turudi Kimuka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, humpa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Mama mwenye punda anayo haki hiyo bila kuazimwa na chama. Kama yeye anaruhusiwa kuuliza kuhusu kisima, kwa nini aliyemshikia kalamu azibwe mdomo? Mtu atajibu kwamba mwenye kalamu huweza kuandika ya kwake. Ni kweli, yamkini hutokea. Nami ningekitaka chama kionyeshe hesabu zake hadharani, kisha ombi lisomwe kwa Kimaasai mbele ya akina mama kabla ya kutiwa sahihi, na neno wasilolikubali likatwe palepale, wao wakiwapo.