Nani Ajue Niliko?

Vijana hupenda kuniambia, "Mwalimu, mtu asiye na ovu hana la kuficha." Huyasema hayo ninapouliza kwa nini programu fulani ya simu inataka kujua mahali nilipo. Mimi sikubaliani nao. Mgonjwa anayekwenda kliniki hana ovu. Mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji hana ovu. Wote wawili wana haki ya kuchagua nani aijue njia yao.

Mvuvi wa Mbamba Bay anaposukuma mtumbwi jioni, humwambia mkewe anaelekea upande gani wa ziwa. Upepo ukichafua maji, watu watajua wakamtafutie wapi. Lakini mvuvi huyo huyo, akiulizwa na mwenzake ni wapi alikopata samaki wengi jana, atajibu kwa mafumbo. Habari ni ile ile, bali wasikilizaji ni wawili: mmoja anaihitaji ili amwokoe, mwingine anaitaka ili amtangulie. Hakuna anayemwita mvuvi huyo mnafiki.

Wengine watasema kwamba vijijini hatukuwa na siri. Balozi wa nyumba kumi alijua mgeni wa nani amelala wapi. Ni kweli. Lakini balozi nilimjua kwa jina, nami nilimwona akipita kama yeye alivyoniona. Alipovuka mipaka, wazee walimsema. Aidha, alisahau. Programu yaweza kutunza nyayo zangu kwa miaka mingi, na mwenye kuzisoma sitamwona kamwe.

Nilipokuwa mkuu wa shule tulikuwa na daftari la ruhusa. Mwanafunzi aliandika mwenyewe aendako na saa ya kurudi, kisha mwalimu wa zamu akatia sahihi. Daftari hilo halikumfuata njiani, wala halikuuzwa kwa mwenye duka apate kujua ni nani hupita mlangoni pake. Kazi yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kujua mtu aliko si kosa. Kosa ni habari iliyotolewa kwa sababu moja kutumiwa kwa sababu nyingine, mwenyewe asijue. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba huduma za Google ziliendelea kuhifadhi mahali walipokuwa watu, hata wale waliozima kumbukumbu hiyo katika simu zao. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Basi, ikiwa aliyesema hapana hakusikilizwa, aliyebonyeza neno "kubali" bila kuelewa ameridhia nini?

Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na zisitumike nje ya lengo hilo. Ni sheria njema. Hata hivyo, haitamsomea masharti mama muuza dagaa wa Liuli. Kazi hiyo ni yetu tuliosoma: kuwaeleza jirani zetu, kwa Kiswahili chepesi, wanaruhusu nini.

Mjukuu wangu ameniomba niiache simu imwonyeshe nilipo, maana umri umekwenda na barabara ya kushuka kutoka Mbinga hadi ziwani ina kona nyingi. Nimemkubalia, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuja kunitafuta. Programu ya hali ya hewa nimeiruhusu ninapoitumia tu. Ile ya tochi, iliyotaka nayo kujua niendako, nimeikatalia. Tochi kazi yake ni kumulika.