Anayelipa Deni Lisilo Lake: Harambee ya Michezo ya Shule na Swali la Zawadi

Katika maadili ya dini na katika falsafa ya haki kuna swali la zamani ambalo wanazuoni hawajaacha kulirudia, nalo ni hili: mtu anapotoa kwa hiari kile ambacho mwingine alipaswa kukitoa kwa lazima, je, alichotoa ni zawadi, au amelipa deni lisilo lake? Swali hili huonekana la vitabuni hadi linapofikishwa mahali kama Moi's Bridge, mji wa soko ulio kando ya mto Nzoia, mpakani mwa kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia, au magharibi zaidi huko Bungoma, ambako wazazi huitwa shuleni kuchangia jezi, wavu wa voliboli na nauli ya kuwapeleka vijana kwenye mashindano, kwa sababu fungu lililotarajiwa kutoka Nairobi limechelewa, limepunguzwa au halikuja kabisa.

Hesabu yenyewe haina utata. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa elimu ya sekondari ya kutwa bila karo mwaka wa 2008, kila shule ya umma hupewa mgao, yaani kiasi maalumu cha fedha kwa kila mwanafunzi, na mgao huo umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, ambazo ndani yake 1,500 ni za shughuli za nje ya darasa, michezo ikiwemo. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba Hazina haiwezi tena kuubeba mgao huo kwa ukamilifu, na kwamba kinachopatikana ni karibu shilingi 17,000. Kwa shule yenye wanafunzi 400, pengo hilo ni zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka, na mwalimu mkuu anayelazimika kuchagua kati ya chaki, mshahara wa mpishi na mpira hahitaji kushauriwa ataanza kukata wapi.

Uzito wa jambo hili katika eneo hilo haufahamiki bila kuitazama kalenda ya shamba. Mpira wa miguu, netiboli na voliboli huchezwa katika muhula wa pili, kati ya Mei na Agosti, wakati mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yangali yamesimama shambani na fedha za nyumba zimekwisha kumezwa na mbegu, mbolea na palizi; gunia la kilo 90 linaloweza kuuzwa halitapatikana hadi mavuno yaanze, mwezi wa Oktoba au baadaye. Ina maana kwamba mzazi huombwa mchango katika miezi ambayo ghala lake liko tupu kuliko miezi mingine yote, na anayefika mkutanoni na gorogoro mbili za mahindi, yaani vile vikopo vya kilo mbili ambavyo kwavyo nafaka hupimwa sokoni, huenda amezipunguza katika chakula cha wiki hiyo. Hata hivyo watu hutoa, na hutoa kwa fahari, kwa kuwa eneo hili lina majina ya kulinda: St. Anthony's ya Kitale na Wiyeta katika kandanda, Kesogon katika voliboli ya wasichana, na Friends School Kamusinga ya Kimilili katika magongo.

Kabla ya kuuliza kama mchango huo ni zawadi au deni, sharti lijibiwe pingamizi la wale wasemao kwamba hapa hakuna deni lolote, kwa kuwa mchezo ni anasa, na anasa haidaiwi. Pingamizi hili lina nguvu kuliko linavyodhaniwa. Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alijenga hoja mashuhuri kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini cha maisha ambacho bila hicho hawezi hata kutenda kama mtu mwenye akili na maadili, na katika kiwango hicho aliweka usalama wa mwili, afya na riziki; mpira haumo. Anayemsoma Oruka kwa haraka anaweza kuhitimisha kwamba serikali iliyobanwa na madeni inafanya haki inapoanza kukata kwenye viwanja. Lakini kiwango cha chini kiliwekwa kuwa sakafu, na ni kosa la kimantiki kuigeuza sakafu kuwa dari: kwamba mtu hawezi kuishi bila chakula hakumaanishi kwamba hadai kitu kingine chochote.

Kwa upande wa dini, Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye mafundisho yake yamelea mapadri wengi waliojenga shule za magharibi mwa Kenya, alifundisha kwamba nafsi huchoka kama mwili uchokavyo, na kwamba pumziko la nafsi ni mchezo. Akaenda mbali hata kusema kwamba kuukosa kabisa uchangamfu na kuwa mzigo kwa wenzako katika furaha yao ni namna ya kasoro ya kimaadili. Sheria nayo haikunyamaza. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, katika kifungu cha 31 unamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inarudia jambo hilo. Kwa hiyo deni lipo, limeandikwa, na lina kiasi: shilingi 1,500 kwa kila mwanafunzi.

Ikiwa deni lipo, harambee ni nini? Neno hili, ambalo asili yake hubishaniwa na ambalo Wakristo wengine wa Kenya hulikwepa kwa kudhani kwamba limebeba jina la mungu wa Kihindu, lilikuwa wito wa wafanyakazi wanaoinua mzigo kwa pamoja, kisha Jomo Kenyatta akalifanya mwito wa taifa mwaka wa 1963, nalo likawekwa kwenye nembo ya serikali. Katika miongo iliyofuata wananchi walijenga kwa mikono na fedha zao mamia ya shule zilizoitwa shule za harambee, na desturi ya mkutano wenyewe ikapata umbo linalojulikana hadi leo: kadi za kuombea michango husambazwa, mgeni wa heshima hualikwa, bahasha hufunguliwa mbele ya kipaza sauti, jogoo hupigwa mnada mara tatu kwa watu watatu na kurudi mezani kila mara, na kila jina husomwa pamoja na kiasi chake.

Hapo ndipo maandiko yanapoanza kusumbua. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, waumini wanaonywa wasitoe sadaka kwa kupigiwa tarumbeta, na Kurani katika Surat al-Baqara, aya ya 271, inaisifu sadaka inayodhihirishwa lakini inaitaja ile inayofichwa na kupewa mafukara kuwa bora zaidi. Ni vigumu kusema kwamba kipaza sauti cha harambee kinapatana na mashauri hayo. Utetezi wake wa kawaida ni kwamba sifa huwavuta wengine watoe, nao una ukweli wake, na tena una ukoo mrefu: Athens ya kale iliwapa matajiri wake wajibu wa zamu ulioitwa gumnasiarkia, ambao ulimtaka aliyepangiwa awagharimie vijana wa mbio za mienge kutoka mfukoni mwake, akapata heshima mbele ya watu wote. Tofauti ni kwamba wajibu ule uliwekwa na sheria na ulimwangukia mwenye mali. Aliyepangiwa zamu akaona jirani yake ni tajiri kuliko yeye aliweza kumshtaki ili abebe zamu hiyo au wabadilishane mali. Katika harambee ya kijijini hakuna utaratibu wa namna hiyo, na mwenye gorogoro mbili husimama kwenye mstari mmoja na mwenye malori matatu ya mahindi.

Andiko linalonukuliwa zaidi katika mikutano hii, hata hivyo, si la Mathayo wala la al-Baqara. Ni habari ya mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12, aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina ya hekalu, na Yesu akasema kwamba alitoa kuliko wote. Wahubiri huisimulia kama sifa ya ukarimu wa maskini, na ndivyo ilivyofasiriwa kwa karne nyingi. Lakini baadhi ya wafasiri wa karne ya 20 walitazama kinachotangulia habari hiyo, wakakuta kwamba mstari mmoja tu kabla yake Yesu anawalaani walimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane, na kwamba mara baada yake anatabiri kwamba hekalu lenyewe litabomolewa. Wakauliza kama maneno yake juu ya mjane ni pongezi au ni maombolezo. Kwa usomaji huu, Yesu hawaelekezi wanafunzi kwa mjane ili wamwige. Anawaonyesha hazina iliyokubali kupokea chakula cha mwisho cha mtu ambaye ilipaswa kumlisha. Si lazima usomaji wa zamani utupwe ili huu ukubaliwe, kwa kuwa mjane anaweza kustahili sifa na hazina ikastahili aibu kwa tendo lile lile. Ila ni jambo la kutafakari kwamba kwenye harambee husikika nusu ya kwanza peke yake.

Kanisa la Kenya limewahi kuisema nusu ya pili kwa vitendo. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza kurudishwa kwa fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto huko Embakasi, na akakataa pamoja nazo basi lililoahidiwa parokia, wakati ambapo rais mwenyewe, miezi minne tu kabla, alikuwa amewapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilikuwa tayari imekataza ofisi ya umma kutumiwa kukusanya michango. Lakini kukataa ni rahisi kwa jimbo kuu kuliko kwa shule ya kutwa ambayo timu yake inatarajiwa kwenye mashindano ya kaunti Jumamosi, na maadili yanayoweza kutekelezwa na wenye nacho peke yao hayasaidii sana Moi's Bridge.

Msaada bora unapatikana mahali pasipotarajiwa, yaani katika sheria ya madeni ya Kiislamu, ambayo mafakihi, wanazuoni wa sheria hiyo, waliipima kwa umakini wa mizani ya dhahabu. Waliuliza: mtu akimlipia mwenzake deni bila kuombwa, je, anaweza baadaye kumdai? Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanajibu kwamba hawezi, kwa kuwa aliyelipa bila idhini ya mdaiwa ni mutabarii, maana yake mtoaji wa kujitolea, na alichojitolea hakirudi. Madhehebu ya Hanbal huangalia nia: aliyelipa akikusudia kurejeshewa anabaki na dai lake, na aliyelipa bila kukusudia hivyo amesamehe. Kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, na kuzihamishia kwenye uhusiano wa raia na serikali ni kuzinyoosha, lakini zinafichua kitu ambacho hotuba za harambee hukifunika. Kwa hukumu ya Shafii, kila harambee ya michezo inayofanywa kimya kimya inaifutia serikali deni. Mpira umenunuliwa, kijana amecheza, na bajeti ya mwaka unaofuata itaandikwa na mtu aliyeona kwamba mambo yalikwenda vizuri bila yeye.

Inaweza kusemwa kwamba sadaka yenye dai nyuma yake imekoma kuwa sadaka. Pingamizi hili linasahau kwamba katika tendo hili wapo wapokeaji wawili. Msichana wa Kesogon au wa shule isiyojulikana kabisa anayepewa viatu hadaiwi chochote, wala hapaswi kukumbushwa. Kwake yeye mahindi yale ni zawadi kamili, na yana ufaafu wa pekee, kwa sababu mchezo nao, kama zawadi, hufanywa bila kulazimishwa. Serikali, kwa upande mwingine, imepokea kitu kingine katika saa ile ile: imekopeshwa. Tendo moja linaweza kuwa zawadi kwa mtoto na mkopo kwa Hazina bila kupoteza usafi wake, ilimradi mtoaji ajue analitenda kwa sura mbili na aseme hivyo. Kwamba mkopo huo pengine hautalipwa kamwe si hoja dhidi yake. Katika fikihi, yaani sheria hiyo ya Kiislamu, kusamehe deni ni tendo linalojitegemea ambalo mwenye haki hulifanya kwa hiari yake, na deni lisilolipwa halijawa deni lililosamehewa.

Kwa hiyo suala linashuka hadi kwenye daftari la mweka hazina wa chama cha wazazi, ambalo kwa desturi lina safu tatu zilizochorwa kwa rula: jina, ahadi na taslimu. Safu ya ahadi ni ya wale wasemao watatuma kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi, na ndiyo ndefu kuliko zote. Kinachokosekana ni safu ya nne, ambayo ingejazwa kwa kalamu ile ile, kusomwa kwa kipaza sauti kile kile, na nakala yake kupelekwa kwa mbunge na kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo pamoja na risiti za jezi. Mbele ya mama wa gorogoro mbili ingeandikwa bei ya mahindi yake siku hiyo, na kando yake jina la anayedaiwa, ambaye mara nyingi mwakilishi wake ndiye aliyeketi katika kiti cha mgeni wa heshima.